Vidole Vinane vya Sabato

Baba yangu alikuwa na hakika ya mambo machache, lakini hayo machache aliyashika kwelikweli. Moja lilikuwa hili: kalamu ni jembe. Siku ya Sabato jembe haliguswi, kwa hiyo na kalamu haiguswi. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuelekeza kwamba mto uko upande ule.

Tuliishi nje kidogo ya Migori, tulikohamia kutoka ufuoni upande wa Homa Bay nilipokuwa mdogo. Baba alikuwa na duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, shamba la mahindi nyuma ya duka, na cheo cha mzee wa kanisa kwa Wasabato. Shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya Wakatoliki. Hakuna aliyeona ajabu. Padri alinunua sabuni kwa baba, mimi nikasoma kwa padri, na kila upande uliamini kwamba wenzao wamepotea njia ila wana adabu.

Nilipofika darasa la saba, miaka michache baada ya uhuru, mwalimu wetu wa Kiingereza aliamua kutufundisha Jumamosi. Siku nyingine alasiri zetu ziliishia katika shamba la shule, tukipalilia karanga ambazo mpaka leo sijui nani alizila. Mwalimu alikuwa na wasiwasi. Mtihani wa mwisho ulikuwa na sehemu moja iliyotutesa sote: unapewa sentensi ya Kiingereza, kisha useme kila neno ni la aina gani. Nomino, kitenzi, kivumishi na wenzao, nane kwa jumla. Nayataja kwa Kiswahili kwa sababu siku hizi majina hayo yapo. Wakati ule tuliyajua kwa Kiingereza tu, na tuliyatamka kama majina ya dawa.

Darasani tulikuwa wasichana watano. Shule ya bweni ya wasichana ilichukua wachache mno kutoka upande wetu, na katika sisi watano wawili tu ndio waliotajwa kuwa na matumaini: mimi na jirani yangu wa dawati. Asiyepata nafasi alijua pa kwenda. Mimi ningesimama nyuma ya kaunta ya baba nikipima chumvi mpaka mtu aje kuniposa. Sikuwa na chuki na chumvi, ila nilikuwa nimekwisha kuipima vya kutosha.

Jirani yangu huyo alikuwa Mkatoliki, mrefu kuliko wavulana wengi wa darasa, mwenye kicheko cha puani. Baba yake alikuwa mvuvi katika kisiwa cha Mfangano, akija nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka. Mama yake alilima, na hakuwahi kukanyaga shule hata siku ya mkutano wa wazazi. Rafiki yangu hakuniita kwa jina langu. Aliniita Sabato, na nilipojaribu kukasirika alinicheka mpaka nikaacha.

Mwalimu alikuja dukani kuniombea ruhusa. Nilikuwa nyuma ya pazia la stoo, nikasikia yote.

"Mzee, huyu mtoto ataanguka mtihani."

"Mwalimu, Mungu amekupa siku nyingine sita," baba akasema. "Zote ni zako."

"Siku sita tunalima karanga."

Nilisikia baba akifunga na kufungua kopo la vibiriti, kama alivyofanya kila alipopima jambo la imani. "Kusikiliza si kazi," alisema mwishowe. "Hata kanisani tunasikiliza. Atakuja baada ya ibada. Lakini asishike kalamu. Wala chaki. Wala kitambaa cha kufutia ubao."

"Sasa atakuwa anafanya nini?"

"Atakuwa anasikia."

Mwalimu aliondoka akicheka. Nilimsikia akicheka mpaka barabarani.

Hivyo ndivyo nilivyosoma sarufi ya Kiingereza. Kila Jumamosi nilitoka kanisani na gauni jeupe, viazi vitamu baridi vilivyochemshwa Ijumaa vikiwa tumboni, nikaingia darasani na kuketi. Wenzangu waliandika. Mwalimu alichora sentensi ubaoni, yule mzee aliyetembea polepole kwenda mtoni, *The old man walked slowly to the river*, nao wakaweka herufi chini ya kila neno. Mikono yangu ilikaa juu ya dawati kama mikate miwili. Jumamosi ya kwanza niliona aibu kiasi kwamba sikusikia kitu. Kusikia nako kunataka mtu atulie.

Jumamosi ya pili mwalimu alinigeukia. "Wewe uliye likizo. *Slowly* ni nini?"

Nilijua neno lile linakaa wapi, lakini jina la aina yake lilinikimbia. Kilichosogea ni kidole. Sikukipanga. Kilisogea chenyewe, na nilipokitazama jina likarudi.

Kuanzia hapo nilivigawia vidole kazi. Kidole kidogo cha kushoto kikawa nomino. Kinachofuata, ambacho wengine huvalia pete na sisi hatuvai, kikawa kiwakilishi. Cha kati kivumishi, cha shahada kitenzi. Nikahamia mkono wa kulia: cha shahada kielezi, cha kati kihusishi, kinachofuata kiunganishi, na kile kidogo cha mwisho kabisa kihisishi. Vidole gumba vilibaki bila kazi. Nilifikiri vilistahili, kwa kuwa ilikuwa Sabato.

Mwalimu alipenda mchezo huo. Alisoma sentensi neno kwa neno, nami nikainua kidole kwa kila neno, haraka, bila kufungua mdomo. Mvulana mmoja akasema ninapiga nyatiti, kwa sababu nyatiti, zeze letu Wajaluo, ina nyuzi nane, na jina likaganda. Baba hakuwahi kulisikia. Nyatiti kwake ilikuwa muziki wa matanga na pombe, na angenitoa shuleni asubuhi ileile.

Nyatiti yangu haikubaki yangu kwa muda mrefu. Aliyekwama alitazama mikono yangu, kisha akaandika. Kufikia muhula wa tatu nusu ya darasa ilijua kila kidole kina maana gani, na nusu nyingine ilikuwa mbioni. Mwalimu aliona. Alituacha, kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na kwa sababu hatimaye watu walikuwa wanapata majibu.

Kihisishi hakikuwa na kazi nyingi. Mfano wa mwalimu ulikuwa *Alas*, yaani ole wangu, neno ambalo Migori nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kulitamka. Rafiki yangu alikichukua kidole hicho kikawa chetu wawili. Uji wa shule ukiungua, aliinua kidole kidogo cha kulia. Mwalimu mkuu akirefusha hotuba gwarideni, kidole. Siku moja jogoo aliingia darasani akapanda mezani kwa mwalimu, nikamwona rafiki yangu upande wa pili, uso mkavu, kidole juu. Nilitolewa nje kwa kucheka. Yeye hakutolewa.

Katika mtihani wa majaribio alinishinda. Si kwa mengi, lakini katika Kiingereza, katika sehemu ileile ya aina za maneno, alipata yote na mimi nikakosa mbili. Nilimpongeza. Kisha kwa wiki nzima nilimwonea wivu, na wivu wenyewe niliupa majina mengine: nilisema vidole ni vyangu, nilisema yeye ana kalamu siku saba na mimi sita. Nayaandika haya kwa sababu bila hayo yanayofuata yatanionyesha mwema kuliko nilivyokuwa.

Msimamizi wa mtihani alikuja kutoka Homa Bay, na vumbi la njia nzima likiwa mabegani mwake. Hakuwa Mjaluo. Aliongea nasi Kiingereza, wakubwa akaongea nao Kiswahili. Alituketisha mmoja mmoja, madawati yameachana, na rafiki yangu akawekwa mbele yangu, madawati mawili. Ili anione angelazimika kugeuza shingo yote, na shingo yake ilikuwa ndefu, kila mtu angeiona ikigeuka. Haikugeuka. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, kwa kuwa asubuhi nzima nilikuwa nikitazama kisogo chake.

Tulipofika kwenye aina za maneno nilianza kupiga nyatiti. Sikuwa na njia nyingine. Nilikuwa nimejifunza kwa vidole, na majibu yalikaa humo. Nilisoma neno, kidole kikainuka, nikaandika. Nilipofika sentensi ya tatu viatu vyenye vumbi vilikuwa vimesimama kando ya dawati langu.

"Unamwonyesha nani?" aliuliza kwa Kiingereza.

Aliichukua karatasi yangu, akaandika kitu pembeni kwa kalamu nyekundu, akanirudishia. Niliimaliza. Alipokusanya karatasi, yangu aliiweka kando ya zile nyingine.

Saa sita baba aliitwa. Alikuja na harufu ya mafuta ya taa, kofia mkononi. Katika ofisi ya mwalimu mkuu tulikuwa wanne: mwalimu mkuu, msimamizi, baba na mimi. Mwalimu wa Kiingereza hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya dirisha, akijifanya anatazama karanga.

"Mzee," msimamizi akaanza, "hii mtoto yako inafanya ishara ndani ya mtihani. Karatasi yake mimi siwezi peleka Homa Bay."

"Ishara gani, bwana?"

Msimamizi akaonyesha kwa vidole vyake, vibaya. Baba aliniuliza kwa Kijaluo ni kitu gani hicho. Nilimweleza, na nikaona uso wake ukifunguka polepole, kwa sababu alitambua kazi ya mikono yake mwenyewe. Alimgeukia msimamizi.

"Hiyo ni makosa yangu mimi," alisema. "Mimi nilikataza yeye asiandike siku ya Sabato. Mwalimu anafundisha, wengine wanaandika, yeye anasikia tu. Sasa hiyo vidole ndio daftari yake. Hajaandika herufi hata moja siku ya Sabato, hata moja. Uliza hapa Migori kama mimi nasemanga uongo."

Mwalimu mkuu alisema kwamba mzee huyu hasemi uongo. Alikuwa Mkatoliki safi, na alilisema bila kusita.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupima. Aliniambia nikalie mikono yangu, akasoma sentensi kutoka kitabu kilichokuwa mezani, akaniuliza neno la tatu ni nini. Sikujua. Nilikaa pale kama gunia. Akaniambia nitoe mikono. Akasoma nyingine, na nyingine, na vidole vikajibu kabla ya mdomo, kila neno, mpaka akaacha kusoma akavua miwani.

"Sawa," alisema. "Naona ni kichwa yake." Baba akashusha pumzi. Nilifikiri yameisha. Kisha msimamizi akauliza, bila haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla ya kuondoka: "Na nani mwingine anajua maana ya hiyo vidole?"

Kama hakuna, hapakuwa na kosa. Ishara ambayo hakuna anayeisoma si ishara. Nililiona hilo mara moja, nilikuwa mtoto mwepesi. Neno moja lingetosha.

"Nyara," baba akasema, yaani binti yangu. "Unaulizwa."

Alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba mkono wa shati lake uligusa bega langu. Alikuwa ameweka jina lake lote juu ya meza ile dakika tano zilizopita. Sikuweza kusema uongo kando yake. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi, na ni kweli. Lakini ukweli mzima ulikuwa nusu ya darasa, wavulana na wasichana, na mwalimu aliyekuwa dirishani. Mimi nilitazama nje, ambako watahiniwa walikuwa wameketi kwenye nyasi wakila, na nikaona mtu mmoja tu. Nilinyoosha kidole. Kilikuwa cha shahada cha mkono wa kushoto, kile cha kitenzi.

"Yule mrefu," nilisema.

Aliitwa. Aliingia akifuta mikono kwenye sketi, akatazama karatasi zilizokuwa mezani, akanitazama mimi. Msimamizi aliweka karatasi yake kando ya yangu. Majibu ya sehemu ile yalifanana yote isipokuwa moja. Majibu sahihi hufanana, hilo mtu yeyote angeweza kusema. Mwalimu wa Kiingereza angeweza kulisema kupitia dirishani. Hakusema. Mimi pia sikusema.

"Unajua maana ya vidole ya huyu?" msimamizi akamwuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na nani mwingine?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ni mimi peke yangu."

Baba aliinamisha kichwa, nafikiri kwa heshima. Alidhani amesikia watoto wawili wakisema ukweli chumba kimoja. Msimamizi aliuliza mzazi wa huyu yuko wapi, mwalimu mkuu akajibu Mfangano. Mama je? Shambani, ng'ambo ya mto. Hapakuwa na muda wa kumtafuta, karatasi ya hesabu ilikuwa inasubiri. Msimamizi aliiweka karatasi yangu katika bahasha pamoja na nyingine. Ya rafiki yangu aliibandika kijikaratasi, akaandika mistari minne au mitano, kisha akaiweka nayo. Mchana ule alimketisha pembeni, akitazama ukuta.

Tulipotoka baba alinishika bega. Alisema amefurahi. Alisema alikuwa ameogopa kwamba shule itanifundisha maneno mengi na kuniondolea hili moja la kusema kweli, sasa ameona haikuniondolea. Nilitaka kumpiga, baba yangu mwenyewe, na sikujua kwa nini. Sasa najua: alinisifu kwa kitu ambacho sikukifanya.

Barua yangu ya kuitwa shule ya bweni ilikuja. Ya rafiki yangu haikuja. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya kile kijikaratasi, na huenda haikuwa hivyo. Hesabu zake hazikuwa nzuri sana, na anayefanya hesabu akitazama ukuta hafanyi vizuri zaidi. Mwalimu alisema atarudia darasa. Mwezi wa kwanza, nilipokuwa nafunga sanduku langu, mama yake alimtuma Mfangano kumpikia baba yake. Sikwenda kumuaga. Nilimwambia mama yangu kwamba nina kazi ya kupiga pasi.

Katika shule ya bweni nilijifunza kuketi na mikono yangu imetulia. Walimu wa kule hawakupenda vidole vinavyocheza. Mwanzoni nilikosa maneno mengi, baadaye yakahamia kichwani kama watu wanavyohamia mji mwingine. Kiingereza kimenilisha tangu wakati huo, na nimewafundisha watoto wengi aina nane za maneno bila hata mara moja kuwaambia wainue kidole.

Rafiki yangu nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa likizo ya mwaka wangu wa tatu, nimefuatana na baba Homa Bay kuchukua mzigo wa duka. Baba alikuwa ndani kwa mwenye bohari, nami nikasubiri penye gati, nimevaa sare kwa sababu nilikuwa na kiburi cha sare. Boti kutoka Mfangano ilikuwa imefika na wanawake walikuwa wanapanda kutoka majini na samaki. Nilimtambua kwa shingo. Alikuwa na tenga kubwa kichwani, amelishika kwa mikono yote miwili, maji ya samaki yakimtiririka viwikoni, na mtoto mgongoni.

Alinipita karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zake. Aliitazama sare yangu kutoka kola mpaka viatu, kisha akanitazama usoni. Nilijua ningepaswa kusema kitu. Nilikuwa nimeshayaandaa maneno, nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka mitatu.

Hakusimama, tenga lilikuwa zito. Pale juu, kwenye ukingo wa tenga, kidole kidogo cha mkono wake wa kulia, kile chetu wawili, kiliachana na wenzake, kikainuka, kikashuka, kikainuka tena. Nikasikia kile kicheko cha puani. Kisha akaendelea kupanda kuelekea sokoni.

Ningeweza kumjibu. Sikuwa nimebeba kitu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu, nami niliiweka nyuma ya sketi na kuushika mmoja kwa mwingine mpaka baba akatoka kuniita tuchukue mzigo.